Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Madaraja ya Enzi za Kati

Hapa tunajibu maswali ambayo wapenzi wa historia huuliza zaidi kuhusu madaraja ya Enzi za Kati: nani aliyajenga, kwa fedha za nani, na yalibadilisha vipi maisha ya watu. Mifano mingi inatoka Ulaya, na ipo ya ulimwengu wa Kiislamu, China na pwani yetu pia. Tumekaa zaidi kwenye fedha na matunzo. Daraja la zamani la London lilichukua miaka 33 kujengwa, kisha likahitaji kutunzwa kwa zaidi ya miaka 600, na hiyo kazi ya pili ndiyo inayoeleza jamii ile ilivyokuwa ikiendeshwa.

Enzi za Kati ni lini hasa?

Kwa hesabu ya wanahistoria wa Ulaya, ni takriban mwaka 500 hadi 1500. Madaraja makubwa ya mawe yalianza kuongezeka baada ya mwaka 1100. Miji ilikuwa inakua, biashara ya sufu, chumvi, mvinyo na nafaka inapanuka, na mikokoteni mizito inakwama mahali ambapo mtu wa miguu alikuwa akipita bila shida.

Kabla ya madaraja ya mawe, watu walivukaje?

Penye maji mafupi walivuka kwa miguu au juu ya farasi. Penye kina walilipa nauli ya mashua. Palikuwa pia na madaraja ya mbao, ambayo mafuriko na barafu viliyachukua kila baada ya miaka kadhaa, na yalikuwepo machache ya Warumi yaliyobaki imara, kama lile la Alcántara nchini Hispania lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 2, enzi ya Kaisari Trajan.

Kuvuka bila daraja kuliua watu. Inasimuliwa kwamba Malkia Matilda, mke wa Henry I wa Uingereza, alinusurika kuzama akivuka mto Lea mashariki mwa London. Karibu na mwaka 1110 aliamuru lijengwe daraja la mawe eneo la Bow. Akafanya jambo la busara zaidi: alitoa mashamba na kinu cha kusagia nafaka, akavikabidhi kwa watawa wa kike wa Barking ili mapato yake yawe ya kulitengeneza. Baadaye mali hiyo ikahamia kwa watawa wengine, na ugomvi wa nani alipe matengenezo ukafika mahakamani na kuendelea hadi mwaka 1315. Malkia alikuwa amekwisha kufa karibu miaka 200, na mali aliyoiacha bado inapiganiwa.

Nani walikuwa wajenzi?

Kazi ya mikono ilifanywa na waashi, maseremala, wachonga mawe na vibarua wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Waliosimamia mara nyingi walikuwa watu wa kanisa. Daraja la mawe la London lilianzishwa mwaka 1176 na padri aliyeitwa Peter wa Colechurch, ambaye parokia yake ilikuwa ndani ya jiji hilo. Alifariki mwaka 1205, miaka minne kabla kazi haijakamilika, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa katikati ya daraja lenyewe.

Avignon, kusini mwa Ufaransa, wanamtaja Bénézet, kijana mchunga kondoo. Masimulizi yanasema aliambiwa na sauti ya mbinguni aende akajenge daraja juu ya mto Rhône, watu wakamcheka, kisha akainua peke yake jiwe kubwa mno na kulibeba hadi mtoni. Muujiza huo tuuache kwa wanaouamini. Kinachojulikana ni kwamba daraja lilijengwa kati ya 1177 na 1185, lilikuwa na urefu wa takriban mita 900 na matao 22, na fedha zilikusanywa na kundi la watu wa kawaida waliojiunga kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa lugha yetu, ilikuwa harambee.

Vitabu vya zamani hudai kwamba palikuwa na shirika moja la watawa wajenzi wa madaraja lililoenea Ulaya nzima. Hilo limetiwa chumvi. Vilikuwepo vikundi vya mahali mahali, kila kimoja na daraja lake, na wengi wao walikuwa wachangishaji wa fedha zaidi kuliko mafundi.

Kwa nini kanisa lijishughulishe na madaraja?

Kwa sababu kumvusha msafiri salama kulihesabiwa kuwa tendo la huruma, sawa na kumlisha mwenye njaa au kumpokea mgeni. Maaskofu waliwatangazia rehema, yaani kupunguziwa adhabu ya dhambi, mara nyingi za siku 40, waumini waliotoa fedha, mawe au nguvu zao kwa ujenzi. Tajiri akiandika wosia aligawa fungu kwa maskini, fungu kwa parokia, na fungu kwa daraja la karibu.

Ndiyo maana madaraja mengi yalikuwa na kanisa dogo juu yake. Msafiri aliingia, akasali, akatupa sarafu. Wakati mwingine palikaa mtawa mkaa pweke aliyeomba sadaka kwa wapitao na kuziba mashimo ya barabara kwa mikono yake. Uingereza bado kuna machache ya makanisa hayo yaliyosimama, Wakefield, Rotherham na St Ives. Lile la London lilikuwa na mlango wa chini usawa wa mto, hivyo mvuvi aliweza kufunga mashua yake kwenye nguzo na kuingia kusali bila kupanda barabarani.

Msomaji Mwislamu ataona hapa kitu anachokijua vizuri: sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu zake hazikatiki maadamu watu wanaendelea kunufaika.

Fedha zilitoka wapi?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na hakuna jibu moja.

Njia ya kwanza ilikuwa sadaka, kama tulivyoeleza. Ya pili ilikuwa tozo. Mfalme alitoa kibali kwa mji kutoza bidhaa zinazopita kwa miaka maalumu, na kibali kiliorodhesha kila kitu na bei yake: mzigo wa ngozi, mkokoteni wa kuni, pipa la mvinyo, farasi wa kuuzwa. Muda ukiisha, tozo ilipaswa kukoma. Mara nyingi mji ulirudi kuomba muda zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam waliolalamikia tozo za Daraja la Kigamboni tangu lilipofunguliwa mwaka 2016 wangeelewana haraka na wafanyabiashara wa karne ya 14.

Njia ya tatu ilikuwa wajibu. Uingereza, tangu kabla ya mwaka 1066, wenye ardhi walidaiwa mambo matatu ambayo hata mwenye msamaha wa kodi hakuyakwepa: kwenda vitani, kujenga ngome na kutengeneza madaraja. Wafalme walilitumia vibaya deni hilo, wakawalazimisha watu kujenga pale mfalme alipotaka kupita na msafara wake wa kuwinda. Kwa hiyo Magna Carta ya mwaka 1215, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, katika kifungu cha 23, ikaweka kwamba hakuna mji wala mtu atakayelazimishwa kujenga daraja, isipokuwa wale waliokuwa na wajibu huo tangu zamani. Kwamba jambo hili lilistahili kuandikwa katika hati ile moja na haki ya kutofungwa bila hukumu kunaonyesha jinsi lilivyowauma watu.

Njia ya nne, na kwa maoni yetu iliyofanya kazi vizuri kuliko zote, ilikuwa mali iliyowekwa wakfu. Watu walitoa nyumba, mashamba na maduka, kodi yake ikawa ya daraja daima. London ilikuwa na mfuko wa namna hiyo ukiendeshwa na wasimamizi wawili waliochaguliwa na raia wa jiji. Walikuwa na ghala na karakana ng'ambo ya kusini ya mto, penye akiba ya mbao, mawe na chokaa, na hesabu walizoziandika zimehifadhiwa tangu mwaka 1381. Mfuko huo haukufa. Ulilipia Tower Bridge iliyofunguliwa mwaka 1894, leo unatunza madaraja matano ya London, na ziada inakwenda kwa misaada ya wakazi wa jiji. Fedha aliyoitoa mjane wa karne ya 13 bado imo humo.

Kazi ya matengenezo iligawanywa vipi kama hapakuwa na mfuko?

Mfano bora ni Rochester, kwenye mto Medway, katika barabara ya kutoka London kwenda Canterbury. Daraja lake lilikuwa la mbao juu ya nguzo tisa za mawe, na hati ya karne ya 12 inataja kila nguzo na mwenyewe. Askofu wa Rochester alikuwa na nguzo ya kwanza na ya tatu. Mfalme alikuwa na ya nne. Askofu mkuu wa Canterbury alipewa ya tano na ya tisa, na zilizobaki zilikuwa za vijiji na mashamba ya jirani. Mwenye nguzo alipaswa kuleta boriti na mbao za sehemu yake.

Utaratibu ulikuwa wa haki kwenye karatasi. Tatizo lake ni kwamba daraja halipitiki hata kama ni mwenzenu mmoja tu aliyechelewa. Barafu iliuvunja mpango huo kabisa mwanzoni mwa mwaka 1381, daraja likaanguka. Wanajeshi matajiri wawili, Sir Robert Knolles na Sir John de Cobham, wakajenga jipya la mawe kati ya 1383 na 1391, na mwaka 1399 likapata mfuko wa kudumu wenye mali yake. Nao pia upo hadi leo.

Walijengaje nguzo ndani ya maji yanayokwenda?

Tuchukue London, kwa kuwa Thames ni mto wenye kujaa na kupwa kama bahari. Maji yakipwa, mafundi walitoka na jahazi pana lililobeba mlingoti na uzito mkubwa uliofungwa kamba. Kundi la wanaume lilivuta kamba hadi uzito ukapanda, wakaachia, ukagonga kichwa cha gogo, wakavuta tena. Walipigilia magogo kwa kuzunguka mahali pa nguzo mpaka ukapatikana uzio, wakaujaza kifusi na mawe, wakalaza boriti za mwaloni juu yake, ndipo waashi wakaanza kupandisha mawe kwa chokaa. Maji yakianza kujaa, kazi ilisimama. Kuzunguka kila nguzo waliongeza kisiwa cha magogo na mawe chenye ncha mbili, ili mkondo usichimbue msingi.

Kwingineko, hasa kwenye mito isiyopwa, walizungushia boma la magogo na udongo wa mfinyanzi, wakayachota maji ya ndani hadi pakakauka, wakachimba.

Kisha tao. Seremala alijenga kiunzi cha mbao cha umbo la upinde kutoka nguzo hadi nguzo. Mawe yaliyochongwa yawe mapana juu na membamba chini yalipangwa kutoka pande zote mbili kwenda katikati, na jiwe la mwisho la kufungia likatiwa pale juu kabisa. Hadi hapo kiunzi ndicho kilichobeba uzito wote. Siku ya kukiondoa ndiyo iliyokuwa ya kuogopwa, kwani tao lililokosewa vipimo lingeporomoka papo hapo.

Toledo, Hispania, wana kisa cha siku hiyo. Mjenzi wa daraja la San Martín, ambalo tao lake kuu lina upana wa mita 40 hivi, aligundua usiku kwamba amekosea hesabu. Alikuwa hoi kwa aibu. Mke wake akatoka kimyakimya akakichoma moto kiunzi, tao likaanguka, watu wakadhani ni ajali, na mume akapata nafasi ya kujenga upya kwa vipimo sahihi. Ni hadithi tu, lakini aliyeitunga alijua kiunzi ni nini.

Kwa nini Daraja la London lilikuwa na nyumba juu yake?

Kodi. Nyumba na maduka yaliyopangwa pande zote mbili yaliingiza fedha za matengenezo, na mahali hapo palikuwa pa biashara kuliko mtaa wowote: kwa karne nyingi hapakuwa na daraja lingine la kuvukia Thames jijini, na kila aliyeingia kutoka kusini alipita mbele ya mlango wako.

Fikiria njia yenyewe. Daraja lilikuwa na urefu wa takriban mita 270 na matao 19. Kati ya nyumba na nyumba barabara ilibaki na upana wa mita 4 hivi, na orofa za juu ziliinamiana hadi nyingine zikaungana juu ya vichwa vya wapita njia, hivyo mchana ulikuwa na giza la jioni. Ng'ombe wa kuchinjwa, mikokoteni, wanunuzi na wachuuzi walisukumana humo. Mwaka 1722, msongamano ulipozidi, meya aliamuru kila gari lishike upande wake wa kushoto, na wengi huitaja amri hiyo kuwa miongoni mwa mizizi ya desturi ya kuendesha kushoto, ambayo Waingereza walikuja kuiacha Kenya, Uganda na Tanzania.

Chini hali ilikuwa mbaya zaidi. Vile visiwa vya kuzilinda nguzo viliuziba mto kiasi kwamba maji yakipwa, usawa wa upande wa juu ulizidi wa upande wa chini kwa karibu mita 2. Mashua ilipita katikati ya matao kama inayoteremka maporomoko. Abiria wenye tahadhari walishuka kabla, wakatembea, wakapanda tena upande wa pili. Wengi wasiofanya hivyo walizama. Mto uliopunguzwa kasi namna hiyo uliganda kwa urahisi wakati wa baridi kali, na watu wa London wakafanya gulio juu ya barafu.

Nyumba ziliondolewa katikati ya karne ya 18. Daraja lenyewe lilibomolewa baada ya jipya kufunguliwa mwaka 1831.

Ni kweli malkia mmoja alisababisha matao kuanguka?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Karibu na mwaka 1270, Mfalme Henry III alimpa mke wake, Eleanor wa Provence, mapato ya daraja. Fedha zikaenda kwake, matengenezo yakaachwa. Wananchi wa London walikuwa na kinyongo naye tangu zamani: mwaka 1263, alipojaribu kupita kwa mashua yake chini ya daraja hilo hilo, walimtupia mawe na uchafu kutoka juu hadi akarudi alikotoka. Walilalamika kwa miaka kwamba daraja linaharibika. Majira ya baridi ya 1281 kuamkia 1282, vipande vya barafu vilisukumwa na mkondo vikagonga nguzo zilizodhoofika, matao matano yakaporomoka.

Baridi ilikuwa kali kweli, na huenda hata daraja lililotunzwa lingeumia. Lakini barafu ilikuja kila baada ya miaka kadhaa kabla na baada ya hapo, na halikuwahi kupoteza matao mengi namna ile. Edward I akaruhusu sadaka na tozo zikusanywe, usimamizi ukarudi mikononi mwa jiji, matao yakajengwa upya.

Madaraja yalikuwa na nafasi gani vitani?

Anayeshika daraja anashika barabara, kwa hiyo mengi yalijengewa minara, malango na sehemu ya katikati inayonyanyuliwa. La Cahors, Ufaransa, liitwalo Valentré, lililoanzishwa mwaka 1308, lina minara mitatu mirefu na linaonekana kama ngome iliyolala juu ya mto.

Vita maarufu zaidi ni vya Stirling, Scotland, tarehe 11 Septemba 1297. Jeshi la Uingereza lilipaswa kuvuka daraja jembamba la mbao ambalo farasi wawili tu waliweza kupita sambamba. William Wallace na Andrew Moray, viongozi wa Waskoti, walikaa kimya mlimani wakihesabu wanaovuka. Walipoona wamepita wa kutosha kuwaua na wachache kiasi cha kuwashinda, waliteremka wakakiziba kichwa cha daraja. Waliokuwa ng'ambo hawakuweza kurudi, na wenzao upande wa pili wakabaki kutazama. Miaka minane baadaye Wallace alikamatwa na kuuawa London, na kichwa chake kikachomekwa juu ya mti kwenye lango la Daraja la London, ili kila anayeingia jijini akione.

Daraja hilo hilo lilikuwa mlango wa waasi. Mwaka 1381 wakulima wa Kent walioongozwa na Wat Tyler walifunguliwa njia wakaingia mjini. Mwaka 1450 watu wa Jack Cade walipigana na wakazi usiku kucha juu yake, nyumba zikaungua.

Kwa nini madaraja mengi yanaitwa ya Shetani?

Kwa sababu tao refu lililosimama bila nguzo katikati ya bonde liliwashangaza watu hadi wakaona haliwezi kuwa kazi ya binadamu. Hadithi ni moja kila mahali: fundi amekwama, Shetani anamsaidia kwa malipo ya roho ya kwanza itakayovuka, fundi anatanguliza mnyama. Regensburg, Ujerumani, husimulia hivyo kuhusu daraja lao la mawe la 1135 hadi 1146, ambalo majeshi ya Vita vya Msalaba vya pili yalilivuka mwaka 1147.

Ya Cahors ni tamu zaidi. Fundi alimtaka Shetani awaletee waashi maji ya kukorogea chokaa, akampa chekeche la kuchotea. Shetani akashindwa, akalipiza kwa kung'oa jiwe moja la mnara wa katikati kila usiku. Mwaka 1879, mnara ulipokarabatiwa, msanifu Paul Gout alitia pale jiwe lenye sanamu ndogo ya shetani ambaye vidole vyake vimenasa katikati ya mawe, akivuta. Bado yupo.

Na mayai ya Daraja la Karl huko Prague?

Inasimuliwa kwamba mayai kutoka vijiji vyote vya Bohemia yalichanganywa na chokaa ili daraja liwe imara. Ni simulizi linalopendwa sana. Ya uhakika ni haya: daraja la zamani lilivunjwa na mafuriko ya mwaka 1342, Mfalme Karl wa Nne akaweka jiwe la msingi mwaka 1357, nalo lina urefu wa mita 516 na matao 16. Mwaka 1393 padri Yohane wa Nepomuk alitupwa mtoni kutoka hapo kwa amri ya mfalme Wenceslaus wa Nne. Wakatoliki walimtangaza mtakatifu baadaye, na sanamu yake imewekwa kwenye madaraja mengi ya Ulaya ya kati.

Ulimwengu wa Kiislamu ulikuwa na madaraja ya namna hii?

Ndiyo, na mengine yaliyapita ya Ulaya kwa ujuzi. Daraja la Malabadi, mashariki mwa Uturuki ya leo, lilijengwa mwaka 1147 chini ya mtawala Timurtaş wa ukoo wa Artuki. Tao lake lina upana wa karibu mita 40 na halina nguzo mtoni, na ndani ya mwili wa daraja kuna vyumba vya wasafiri kujihifadhi na baridi. Daraja la kwanza la mawe la London, lililoanza miaka 29 baadaye, lilihitaji nguzo kila baada ya mita chache.

Kwenye mito mipana ya Iraki walitumia mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu na kutandikwa mbao. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa ameyaona hayo miaka minne nyuma. Anaeleza la Hilla lilivyoshikwa kwa minyororo ya chuma kwenye kingo zote mbili, na anasema Baghdad yalikuwepo mawili, wake kwa waume wakiyavuka usiku na mchana kwa furaha.

Na China?

Wachina walitangulia. Daraja la Zhaozhou, kazi ya fundi Li Chun, lilikamilika mwaka 605: tao moja bapa la mita 37, na matundu madogo mabegani ya kupitishia mafuriko na kupunguza uzito. Linalotuvutia zaidi sisi watu wa pwani ni la Luoyang huko Quanzhou, la 1053 hadi 1059. Lilijengwa mahali mto unapokutana na bahari, na wajenzi walipandikiza chaza kwenye misingi ili magamba yake yayagandishe mawe pamoja. Quanzhou ilikuwa moja ya bandari kubwa za biashara ya Bahari ya Hindi, ile iliyoleta vyombo vya kauri vya China hadi kwenye miji ya Waswahili.

Waswahili wa wakati huo walijenga madaraja?

Matao makubwa ya mawe juu ya maji hatunayo, na si kwa kukosa mafundi. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani una matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa, na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 linatosha kuonyesha ujuzi uliokuwepo. Lakini Kilwa, Mombasa, Lamu na Pate ni miji ya visiwani. Bahari ndiyo iliyokuwa barabara, mitepe na mitumbwi ndiyo magari, na maji yaliyouzunguka mji yalikuwa ulinzi wake. Mombasa iliwahi kuona kwa macho: mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliokuja kutoka kusini, walikuwa wamezuiwa ng'ambo ya kivuko cha Makupa, ambapo mtu huvuka kwa miguu maji yakipwa. Wareno walipowaachia njia, waliingia kisiwani wakaangamiza.

Walichojenga Waswahili ni njia. Karibu na Kilwa, wanaakiolojia wamekuta tuta za mawe ya matumbawe za kati ya karne ya 13 na 16, zilizotandazwa juu ya miamba inayofunuka maji yakipwa. Hazijasomwa vya kutosha na watu wa kwetu, na zinastahili.

Daraja lipi lilikuwa na tao refu kuliko yote Ulaya?

La Trezzo, juu ya mto Adda, kaskazini mwa Italia. Bernabò Visconti, mtawala wa Milano, alilianza mwaka 1370, na tao lake moja lilikuwa na mita 72. Lilibomolewa vitani mwaka 1416, likiwa halijatimiza hata miaka 50. Tao la mawe lililolizidi halikujengwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Nikitaka kuyaona, niende wapi?

Florence ina Ponte Vecchio, lililojengwa upya mwaka 1345 baada ya mafuriko ya 1333. Maduka yake yalikuwa ya wachinjaji hadi mwaka 1593, Mtawala Ferdinando I alipochoshwa na harufu akayatoa kwa masonara, na masonara wamo mpaka sasa. Erfurt, Ujerumani, lipo daraja la mawe la mwaka 1325 ambalo bado watu wanaishi juu yake, kwenye nyumba zilizopangana pande zote mbili. Ukitaka kujua Daraja la London lilikuwaje, hapo ndipo pa karibu zaidi. Avignon yamebaki matao manne kati ya 22, na mengine yalichukuliwa na Rhône katika karne ya 17 baada ya mji kuchoka kuyatengeneza. Prague nenda alfajiri kabla ya watalii. Cahors, ukifika kwenye mnara wa katikati, tazama juu kwenye pembe: yule shetani mdogo yuko juu sana, na bila kuelekezwa utampita.